Sumu ya Maji Matamu: Karema na Bahari Isiyokuwako

Mtu ashukaye mwambani wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa hadi mwisho wake, hujifunza mapema kutoliamini kila jiwe. Baina ya matumbawe na majani ya bahari hulala samaki mmoja mzito, mwenye vinundu, asiye na magamba, ambaye ngozi yake huota ukungu wa kijani na kubeba mchanga kama jiwe lolote lililosahauliwa na mawimbi. Hamfukuzi mtu, wala hamkimbii mtu. Hungoja kamba au samaki mdogo apite mbele ya kinywa chake, na mezo lake ni la haraka kuliko kupepesa jicho. Mgongoni ana miiba kumi na mitatu, na kila mwiba umebeba tezi mbili za sumu. Sumu hiyo haitoki kwa hasira yake, bali kwa uzito wa mguu umkanyagao: mguu ukisukuma chini, tezi hubanwa, na sumu hupanda kwenye vijito vya mwiba hadi ndani ya nyama.

Wataalamu humwita Synanceia verrucosa, jina alilolipata mwaka 1801. Hapa na aitwe samaki-jiwe, kwani ndivyo alivyo. Makazi yake yaanzia Bahari ya Shamu, yashuke na mwambao wote wa Afrika Mashariki, kisha yavuke Bahari ya Hindi hadi visiwa vya mbali vya Pasifiki. J. L. B. Smith, yule mtaalamu wa Afrika Kusini aliyempa jina la kisayansi samaki wa kale aitwaye silakanti, alichomwa mkononi na samaki-jiwe huko Pinda, kaskazini ya Msumbiji, na mwaka 1951 akachapisha habari za maumivu yake kwa utulivu wa ajabu, kana kwamba mkono ulikuwa wa mtu mwingine. Dawa ya kwanza hadi leo ni maji ya moto, kiasi cha nyuzijoto 45, yaani moto ambao mwili waweza kuustahamili bila ya kuungua. Dawa ya sindano ya kuipinga sumu hiyo hutengenezwa Australia, na ni nadra kuikuta katika zahanati za mwambao wetu.

Samaki-jiwe haingii katika maji matamu. Kwa hiyo mtu wa pwani aliyepanda reli hadi Mpanda, kisha akakata zaidi ya kilomita mia moja kuteremka Karema, kwenye ufuo wa Ziwa Tanganyika, angeweza kuingia majini kwa miguu mitupu na kuwa salama, walau kwa upande wa samaki huyo. Ziwa lenyewe liko mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari. Kusema kwamba samaki-jiwe hayuko Karema ni kama kusema kwamba papa hayuko Dodoma. Lakini palikuwa na miaka, tena si michache, ambapo jambo hilo halikuwa mzaha hata kidogo. Watu wenye vyeo katika vyuo na makumbusho ya Ulaya waliamini kwamba chini ya maji ya Tanganyika imefichika bahari, na kwamba viumbe vya bahari ya kale wangali hai humo. Na ushahidi uliowatia moto ulisafiri kwenda Ulaya pamoja na habari za Karema.

Mwanzo wake labda ulikuwa wa lugha. Misafara iliyotoka Bagamoyo, Pangani na Tanga ilileta pwani habari za maji yasiyo na ng'ambo. Wamisionari wa Rabai, Jakob Erhardt na Johannes Rebmann, wakazikusanya habari hizo kwa wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu, wakachora ramani iliyochapishwa mwaka 1856, ambamo katikati ya Afrika limelala ziwa moja kubwa mno, umbo lake kama konokono asiye na kombe, nalo likaitwa bahari ya Unyamwezi. Ramani ilichekwa na wengi, na ni haki kusema kwamba ilikosea, maana iliyaunganisha maziwa matatu kuwa moja. Lakini neno halikuwa kosa la msemaji. Mswahili hutumia neno bahari kwa wingi na upana wa maji kabla ya kuuliza habari za chumvi. Mtu husemwa kuwa ni bahari ya elimu, na hakuna amwonjaye.

Tarehe 13 Februari 1858 Burton na Speke waliliona ziwa. Speke akaokota makombe ufuoni, na makombe yale yalipofika London mwaka uliofuata yakamshangaza mchambuzi wake, S. P. Woodward, kwa jinsi yalivyofanana na ya baharini: mazito, yenye nakshi, tofauti na konokono wembamba wa maji matamu waliozoeleka. Mbegu ya dhana ikawa imepandwa.

Karema yenyewe iliingia katika vitabu mwaka 1879. Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alikuwa ameunda Brussels, mwaka 1876, Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika, iliyojitangaza kuwa ni ya elimu na ya kupinga biashara ya watumwa. Kapteni Ernest Cambier akatumwa kuijengea kituo chake cha kwanza, naye akachagua Karema. Boma likapanda juu ya kilima karibu na maji. Lakini ziwa lilikuwa na shughuli zake. Mto Lukuga, mlango pekee wa kutolea maji upande wa magharibi, ambao Cameron aliukuta mwaka 1874 umezibwa na majani na mchanga, ulifunguka miaka michache baadaye, na maji yakaanza kushuka mwaka hadi mwaka. Boma lililojengwa litazame mawimbi likajikuta linatazama uwanda wa matope yaliyokauka. Wasomi waliokuja baadaye kuiwinda bahari ndani ya ziwa wangefaa kulizingatia hilo: maji haya hayakuwa na desturi ya kumfuata mtu.

Mwaka 1882 akafika Émile Storms, afisa wa jeshi la Ubelgiji, aliyeitwa Bwana Boma na watu wa ziwani. Mwaka uliofuata alivuka akajenga kituo cha pili, Mpala, ng'ambo ya magharibi. Alikuwa mkusanyaji. Alikusanya samaki, nyoka, silaha, vinyago, na alikusanya pia vichwa vya watu. Desemba 1884 askari wake walimshambulia Lusinga, mtawala wa Watabwa aliyekataa kumtii, wakamuua, na kichwa chake wakampelekea Bwana Boma. Fuvu hilo, pamoja na mengine mawili ya watawala wa upande uleule, likasafirishwa Ubelgiji baada ya Storms kuondoka mwaka 1885, wakati Karema ilipokabidhiwa kwa mapadre wa Kardinali Lavigerie.

Mwaka 1886 mambo mawili yakaandikwa katika mji mmoja wa Brussels. Daktari Émile Houzé alipima mafuvu na kuandika juu ya watu wa magharibi ya Tanganyika kwa vipimo vya mifupa. Na Louis Dollo, mtaalamu aliyejijengea sifa kwa kuyaunganisha mabaki ya mijusi wakubwa wa Bernissart, alimwelezea fira mmoja wa majini kutoka ziwani, akamwita Boulengerina stormsi. Sehemu ya kwanza ya jina ilikuwa heshima kwa George Albert Boulenger, Mbelgiji aliyefanya kazi katika makumbusho ya London. Ya pili ilikuwa heshima kwa Storms. Fuvu la aliyeuawa na jina la muuaji wake viliingia kwenye kabati za elimu kwa mwaka mmoja, na hakuna aliyeona haya.

Nyoka huyo ndiye mwenye sumu ya kutisha zaidi majini humo. Aweza kupita urefu wa mita mbili. Rangi yake ni ya udongo, na shingoni ana mikanda michache myeusi. Akijikunja baina ya mawe ya ufuoni, jicho lisilozoea humpita. Hula samaki, hupiga mbizi ndefu, na hupenda kuingia katika nyufa za magati na mirundo ya mawe. Ni nadra kumuuma mtu asiyemchokoza. Wavuvi hawakungoja Brussels iwajulishe kwamba yupo. Mwaka 2009 wachambuzi walilishusha jina Boulengerina, wakamrudisha nyoka kwenye ukoo wa fira wengine, Naja. Stormsi likabakia. Sanamu ya Storms iliyokuwa katika uwanja mmoja wa Ixelles, mjini Brussels, iliondolewa mwaka 2022, baada ya habari za fuvu la Lusinga kufufuliwa na kusomwa na Wabelgiji wengi kuanzia mwaka 2018. Jina ni gumu kuliondoa kuliko sanamu.

Turudi mwaka 1883. Katika siku za Storms alifika ziwani Mjerumani mmoja, Richard Böhm, mwanazuoni wa ndege na wanyama, kijana wa chini ya miaka thelathini. Alikuwa amepita Unyamwezi na wenzake wawili, Paul Reichard na Emil Kaiser; Kaiser alifia karibu na Ziwa Rukwa mwaka 1882. Böhm mwenyewe alijeruhiwa kwa risasi katika vita alivyoingia pamoja na watu wa kituo cha Karema. Ni mtu huyo aliyeona, katika maji safi ya ziwa, vidude vyenye umbo la mwavuli, vyenye kung'aa kama kioo, kipenyo chake kama sentimita mbili, vikifumba na kufumbua vikipanda na kushuka. Wapwani wangevijua mara moja. Vilikuwa yavuyavu.

Msomaji wa visiwani hahitaji kuelezwa kishindo cha habari hiyo. Yavuyavu ni wa baharini. Katika jamaa zake yumo konyeza, yule awashaye ngozi ya muogaji, na jina hilo limelala karibu na kitendo cha kukonyeza kwa namna inayomfaa mshairi, kwani huyu naye huita kwa uzuri na kuadhibu kwa mguso. Yavuyavu wa Tanganyika hamwashi mtu. Vijimishale vyake vya sumu ni vya kuulia vidudu visivyoonekana. Lakini kuwako kwake tu kulitosha. Böhm alipeleka habari Berlin mwaka huohuo wa 1883, na Machi 1884 akafa kwa homa huko Katanga, asijue fujo aliyoiacha nyuma yake. Mwaka 1893 R. T. Günther wa Uingereza akamchambua kiumbe huyo kwa sampuli alizoletewa, na jina lililomkaa ni Limnocnida tanganyicae.

Makombe kama ya bahari, yavuyavu kama wa bahari. Kilichobaki ni mtu wa kuthubutu kusema kwamba bahari yenyewe imo, naye akawa John Edmund Sharrock Moore. Alikwenda Tanganyika mara mbili, mwaka 1895 hadi 1896 na tena 1899 hadi 1900, akavuta nyavu, akashusha ndoo vilindini, na mwaka 1903 akachapisha kitabu kikubwa kuhusu alichokiita tatizo la Tanganyika. Hoja yake ilikuwa kwamba katika zama za mijusi wakubwa ghuba ya bahari iliingia hadi moyo wa Afrika, kisha nchi ikainuka, bahari ikafungiwa, chumvi ikapungua polepole, na viumbe waliomudu mabadiliko hayo wakabaki kama mateka. Hoja ni nzuri. Ina msiba, ina uhamisho, ina kumbukumbu ya chumvi ndani ya maji matamu. Mtunzi yeyote angeitamani. Kasoro yake ni moja tu, kwamba haikutokea.

Mambo yalianza kulegea mapema. Mwanzoni mwa karne ya 20 yavuyavu wa jamaa hiyohiyo walionekana katika Nyanza Victoria na katika Mto Niger, mahali ambapo ghuba ya Moore isingefika hata kwa kuvutwa kamba. W. A. Cunnington akaongoza msafara mwingine ziwani mwaka 1904 hadi 1905, na alichokiona hakikuiunga mkono bahari ya kale. Jiolojia ikamaliza: Tanganyika ni ufa wa nchi kavu, uliojazwa na mito na mvua, wenye umri wa miaka milioni tisa hadi kumi na mbili hivi, na kina kinachofika mita 1,470. Haukupata kuwa ghuba. Makombe yale mazito nayo yakapata maelezo. Ziwani mna kaa wa maji matamu wenye magando ya nguvu, na konokono waliowindwa kwa vizazi elfu na elfu walijenga kuta nene kama walivyojenga wenzao wa baharini wanaowindwa na kaa wa bahari. Ufundi ulikuwa mmoja, nasaba mbali mbali. Baadhi ya konokono hao huitwa Lavigeria, kwa heshima ya yule kardinali ambaye mapadre wake walirithi boma la Karema. Ziwa hili limejaa majina ya watu ambao wengine hawakulitia jicho.

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo wanaosimulia habari za Moore hulipita haraka. Miongoni mwa chupa alizorudi nazo katika safari ya kwanza mlikuwamo samaki, na samaki hao walikabidhiwa Boulenger, yuleyule ambaye jina lake lilikuwa limekwisha kuvikwa nyoka wa Karema. Mwaka 1898 Boulenger alimpa jina mmoja wao, Synodontis multipunctatus, yaani mwenye madoa mengi. Ni wa jamii ya gogogo, samaki wenye sharubu ambao hulia wanapotolewa majini kwa kusugua mifupa ya mapezi. Moore alikuwa akitafuta mabaki ya bahari, na mkononi akawa ameshika kitu ambacho bahari haina.

Gogogo wa Tanganyika ana sumu. Mwiba mmoja wa mgongoni na miwili ya ubavuni husimama na kujifunga kama kitasa, na ngozi iliyouvika mwiba ina tezi ambazo hupasuka unapochoma. Sumu yake haifiki popote karibu na ya samaki-jiwe. Mvuvi aliyechomwa atalalamika usiku mmoja. Lakini tazama tofauti ya mwenendo. Samaki-jiwe hujificha na silaha zake. Gogogo wa ziwani hujitangaza: mwili mweupe-manjano uliotawanywa madoa meusi, mapezi meusi yenye pindo jeupe, vazi la kuonekana kutoka mbali kwenye maji yale maangavu. Tena si aina moja tu. Aina kadhaa za gogogo wa Tanganyika zimevaa vazi hilohilo, na mwaka 2011 mtafiti Jeremy Wright alionyesha maana yake: wenye sumu wanagawana sare moja, ili samaki mwindaji akichomwa na mmoja awaogope wote.

Na huyu mwenye madoa mengi amefanya hila nyingine isiyokuwa na mfano katika samaki wa dunia nzima. Katika ziwa hilo wengi wa samaki wa jamii ya sato hulea kinywani: jike hutaga, kisha huyaokota mayai yake upesi na kuyahifadhi mdomoni hadi yaanguliwe. Gogogo jike na dume huvamia kitanda hicho cha uzazi, huyala mayai kadhaa, na katika vurumai hutaga ya kwao. Mama wa watu, katika haraka ya kuokoa, huyaokota yote. Mayai ya mgeni huanguliwa mapema zaidi, na vitoto vyake, vikiisha kula kiini chao, huanza kula watoto wa mwenye nyumba humohumo kinywani mwake. Tetsu Sato, mtafiti wa Kijapani, aliyafichua hayo mwaka 1986, miaka themanini na minane baada ya Boulenger kuhesabu madoa. Mama hulea kwa uaminifu mpaka mwisho, akiamini alivyobeba ni vyake.

Kwa hiyo mwenye kuuliza ni nani samaki-jiwe wa Katavi hana budi kupewa jibu lililogawanyika. Kwa kujificha baina ya mawe na kwa sumu ya kuua, ni fira wa majini, ambaye si samaki. Kwa mwiba wa mgongoni, ni gogogo, ambaye hajifichi, ila mayai yake ndiyo yaliyofichwa, na mahali yalipofichwa ni ndani ya mwili wa mwingine. Hakuna hata mmoja kati yao aliyetoka katika bahari ya Moore.

Bahari, lakini, haikukosekana kabisa. Katika soko la Mpanda dagaa wa Tanganyika huuzwa kwa kipimo cha kopo na kwa gunia, wamekauka na kung'aa kama vipande vya bati, wametoka Karema na Ikola kwa magari. Ndio chakula cha kila siku, na pengine kwa hiyo hawakupewa ushairi mwingi. Nasaba yao imo katika jamaa ya dagaa na simu wa baharini. Mwaka 2008 watafiti Anthony Wilson, Guy Teugels na Axel Meyer walichapisha uchambuzi wa vinasaba uliokadiria kwamba mababu wa dagaa wa Tanganyika waliiacha bahari miaka milioni 25 hadi 50 iliyopita, zamani kabla ya ziwa lenyewe kupasuka, wakaingia mito ya Afrika Magharibi, na kizazi kwa kizazi wakapanda hadi maji ya Kongo, na kutoka huko wakafika ziwani. Hawakufungiwa na nchi iliyoinuka. Waliogelea. Na walikotokea si upande wa Bagamoyo, ambao Moore na watu wa pwani pia wangeutazama kwanza, bali upande wa machweo, ng'ambo ya pili ya bara.